Nani Anamsukuma Nani? Jinsi ya Kuzitambua Kani kwa Gunia la Viazi

Kila mwaka hapa Uyole, Mbeya, huja kwangu wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili ambao tayari wamekariri orodha: mvutano wa dunia, msuguano, mkazo, kani ya sumaku, kani ya kuelea. Wanaitaja bila kumeza mate. Nikiweka kiazi juu ya meza na kuuliza, "Hapa kuna kani ngapi?", wengi hujibu, "Hakuna, mwalimu, kimetulia." Orodha wanayo, lakini haijawaonyesha hata kiazi kilicho mbele yao.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwanafunzi huyo, na kwa mzazi anayetaka kumsaidia jioni. Darasani mtoto atafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili kina kitu kinacholirahisisha somo hili kuliko watu wanavyodhani, nacho ni kauli ya kutendwa. Tunasema "gunia linasukumwa na…", "gunia linavutwa na…". Baada ya hiyo "na" lazima aje mtendaji. Ukimpata, kani ipo. Ukimkosa, kani hiyo haipo, hata kama mwili wako unakuambia ipo. Tutatembea na kanuni hiyo moja mpaka mwisho.

Tafuta vitu hivi: viazi viwili au vitatu, matofali mawili ya kuchoma, jiwe, ubao mwembamba, karatasi, msumari, ndoo ya maji, chumvi, chupa tatu za plastiki za nusu lita, kamba, kipande cha tyubu ya baiskeli, kitana, rula na sumaku. Sumaku hupatikana nyuma ya spika mbovu ya redio. Fundi redio yeyote wa Mwanjelwa atakuwa nazo kwenye boksi lake la vyuma.

Kani ni nini

Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakifanyia kitu kingine. Mtaani tunaiita nguvu, na si kosa, ila neno nguvu limebeba mizigo mingi: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu ya hoja. Kani ni jambo moja tu. Inaweza kukiondoa kitu kilichosimama, kukisimamisha kinachokwenda, kukiongezea au kukipunguzia mwendo, kukigeuza njia, au kukibadili umbo. Hupimwa kwa nyutoni, kwa heshima ya Isaac Newton, Mwingereza aliyechapisha sheria zake tatu za mwendo mwaka 1687. Ukitaka kuijua nyutoni moja kwa mkono, shika kiazi kidogo cha gramu 100. Kinavyokulemea kiganjani, hiyo ni nyutoni moja hivi.

Hatua ya kwanza: chagua kitu kimoja

Usijaribu kueleza kani zote za sokoni kwa mkupuo. Chagua kitu kimoja, kichore kama boksi, kisha kila sentensi yako ianze na jina la kitu hicho. Mimi nimechagua gunia la viazi la kilo 100 lililowekwa juu ya meza imara. Makosa mengi ninayoyasahihisha yanaanzia hapa: mwanafunzi anaanza na gunia, katikati anahamia kwenye meza, na anamaliza na dunia bila yeye mwenyewe kujua kwamba amehama.

Hatua ya pili: anza na dunia

Sentensi ya kwanza haibadiliki popote ulipo, Kyela hadi Makete: *gunia linavutwa na dunia.* Kani hii haihitaji kugusana. Ndiyo inayoitwa uzito, na hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo soko limeyachanganya.

Kilo ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya gunia. Uzito ni mvuto ambao dunia inaufanyia tungamo hiyo, nao ni nyutoni. Kila kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, darasani mara nyingi tunasema 10 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa hiyo gunia la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 980. Lipeleke mwezini, viazi vitabaki vilevile na kilo zitabaki 100, lakini uzito utashuka hadi nyutoni 162 tu, kwa sababu mwezi unavuta kwa kani ndogo, takriban moja ya sita ya ile ya dunia.

Wanafunzi wa huku juu huniuliza: je, gunia likitoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, likapandishwa hadi kilele cha Rungwe kinachokaribia mita 3,000, uzito unapungua? Unapungua kweli, kwa kuwa limekwenda mbali kidogo na kitovu cha dunia. Ila tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja katika elfu.

Mkulima anapaswa kulijua jambo moja hapa. Mizani ya kuning'iniza yenye springi ndani haihesabu kilo. Inahisi mvuto tu, halafu uso wake umeandikwa kilo kwa hesabu iliyofanywa kiwandani. Springi ikichoka, uso utaendelea kuonyesha namba zilezile nzuri huku kipimo kimepotea. Kabla hujatundika mzigo wako, angalia mshale kama umekaa kwenye sifuri. Kisha, kama una shaka, tundika ndoo yenye lita 10 za maji. Ukiondoa uzito wa ndoo tupu, inapaswa kusoma kilo 10. Nimewaona wazee waliolima kwa jasho msimu mzima wakipoteza kwa mizani isiyo sahihi, na inaniuma kila nikikumbuka.

Hatua ya tatu: zungusha kidole, uliza nini kinaligusa

Pitisha kidole chako kuzunguka boksi ulilochora. Kila mahali kinapogusana na kitu kingine, hapo pana uwezekano wa kani. Hii ndiyo hatua yenye mambo mengi, tusiikimbie.

*Meza.* Gunia linasukumwa juu na meza. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo bado nalipenda: "Mwalimu, meza itasukumaje na haina mikono?" Nilimjibu kwa ubao. Weka ubao mwembamba juu ya matofali mawili, uupakie viazi katikati. Unapinda. Ondoa viazi, unarudi. Ule ubao uliopinda unapigania kurudi kwenye umbo lake, na katika kupigania huko unasukuma viazi kwenda juu. Meza ya mninga nayo inapinda, ila kidogo mno kwa macho. Hata sakafu ya zege inabonyea kiasi. Kani hii daima inasukuma kwa pembe mraba na uso unaobeba: kwenye sakafu iliyolala inaelekea juu wima, kwenye mteremko inaegemea upande.

*Kamba.* Ukilitundika gunia kwenye boriti, sentensi ni *gunia linavutwa na kamba*. Huo ndio mkazo. Kamba huvuta tu, haisukumi kamwe. Jaribu kumsukuma mbuzi kwa kamba uone.

*Msuguano.* Kabla ya kuueleza, tengeneza kipimo chako. Kata ukanda wa tyubu upana wa kidole na urefu wa rula moja, ufunge kwenye msumari ukutani, na nyuma yake weka karatasi. Tundika chupa moja ya nusu lita iliyojaa maji, weka alama mwisho wa ukanda: hapo ni nyutoni 5. Chupa mbili, nyutoni 10. Tatu, 15. Alama zako hazitapishana kwa nafasi sawa, kwani mpira si mtiifu kama springi ya chuma. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hurefuka kwa kiasi kinacholingana na kani inayoivuta, na mpira hufuata sheria hiyo kwa kukaribia tu. Ndiyo maana tunaweka alama kwa kila chupa badala ya kukisia.

Sasa funga ukanda huo kwenye tofali lililolala sakafuni na uvute polepole, ukilinganisha urefu wake na alama za karatasini. Mpira unarefuka, unarefuka, tofali limegoma. Ghafla linaondoka, na mara linapoondoka mpira unafupika kidogo. Umeona mambo mawili: msuguano wa kitu kilichosimama huongezeka kadiri unavyovuta mpaka ufike ukomo wake, na msuguano wa kitu kinachokwenda huwa mdogo kuliko ukomo ule. Wasukuma mikokoteni wanalijua hili miilini mwao. Ndiyo sababu hawapendi kusimamishwa katikati ya mlima.

Msuguano watu wengi huuona adui. Mimi huwaambia wanafunzi waende barabara ya udongo ya Umalila au Uporoto wakati wa masika, halafu waniambie kama kweli wangependa usiwepo. Tope linapouondoa msuguano, gurudumu linazunguka pale pale na gari la viazi linalala njiani, mpaka watu wachomeke mawe na matawi chini ya tairi ili kuurudisha. Hata kutembea ni msuguano: unasukuma ardhi nyuma kwa unyayo, nawe unasukumwa mbele na ardhi.

Msuguano pia huzaa joto. Asubuhi ya Juni huku kwetu, unaposugua viganja ili vidole vikunjuke, umeshafanya jaribio. Joto hilohilo ndilo hatari ya lori linaloshuka Kitonga au mteremko wa Mbalizi kwa kukanyaga breki mfululizo. Breki zinapata moto mkali mno, zinapoteza ushikaji, na dereva anakanyaga pedali isiyojibu. Dereva mzoefu huweka gia ndogo tangu juu kabisa, injini imsaidie kuzuia, na breki anazitumia kwa vipindi. Reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975, inaonyesha upande wa pili: chuma juu ya chuma kina msuguano mdogo, kwa hiyo treni hubeba mzigo mkubwa kwa urahisi, lakini haiwezi kupanda mlima mkali kama lori. Ndiyo maana kati ya Mlimba na Makambako ilibidi watoboe mahandaki na kujenga madaraja mengi ili njia ipande taratibu.

*Maji.* Tundika jiwe kwenye kipimo chako cha tyubu, kisha lishushe ndani ya ndoo bila kugusa kitako. Mpira unafupika. Jiwe halijapungua, ila sasa *linasukumwa juu na maji*. Kani hiyo ya kuelea ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni na jiwe, kama Archimedes alivyogundua zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tia kiazi ndani ya maji matamu, kitazama. Ongeza chumvi kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga, na itafika mahali kiazi kitapanda chenyewe. Kiazi hakijabadilika. Maji yamekuwa mazito zaidi kwa kila lita, na yanasukuma zaidi. Watoto wakiliona hili kwa mara ya kwanza hunyamaza kabisa, na huwa sisemi kitu mpaka wamalize kushangaa.

*Hewa.* Inasukuma kinyume na mwendo. Angusha karatasi mbili zilizolingana, moja imetandazwa, nyingine imefinyangwa. Uzito ni ule ule, ila iliyotandazwa inachelewa. Ukiangusha kiazi na jiwe kutoka kimo kimoja, vinatua karibu pamoja hata kama jiwe ni zito mara tatu.

*Kitu kilichovutwa au kukandamizwa.* Manati ndiyo mfano bora. Mpira ulionyooshwa unataka kurudi, na kwa kurudi unasukuma kijiwe. Kwa kweli ni jamaa wa karibu wa ile kani ya meza.

Hatua ya nne: zisizogusa

Zaidi ya mvutano wa dunia, nyumbani utakutana na mbili. Ya kwanza ni ya sumaku: isogeze karibu na msumari, msumari utaruka kabla hazijagusana. Huvuta chuma, nikeli na kobalti. Shaba na alumini haivivuti. Ya pili ni ya umeme tuli: chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze juu ya vipande vidogo vya karatasi. Fanya mwezi Julai, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua mara nyingi haifanyi kazi, kwa sababu unyevu huiondoa chaji.

Wanafizikia wanapochimba mpaka chini kabisa wanapata kani nne za msingi: mvutano wa tungamo, sumakuumeme, kani nyuklia kali na kani nyuklia dhaifu. Mbili za mwisho zimefungwa ndani ya kiini cha atomu. Msukumo wa meza, mkazo wa kamba, msuguano na mpira wa manati vyote, kwa undani wake, ni kazi ya sumakuumeme kati ya atomu na atomu. Kwa kidato cha kwanza inatosha kujua hivyo.

Hatua ya tano: chora mishale

Kwa kila sentensi uliyoiandika, chora mshale mmoja unaotoka kwenye boksi. Uelekee kani inakoelekea. Urefu uonyeshe ukubwa. Gunia letu mezani lina mishale miwili: chini nyutoni 980, juu nyutoni 980. Inalingana, kwa hiyo gunia limetulia. Kutulia hakumaanishi hakuna kani.

Mfano mzuri zaidi tunao jirani, mkoani Songwe. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma chenye nikeli, hukadiriwa kuwa na tani zipatazo 16. Kimekaa pale kimya, lakini kinavutwa na dunia kwa nyutoni zipatazo 160,000, na kinasukumwa juu na kitako kilichokibeba kwa kiasi kilekile. Kitako hakipumziki hata sekunde moja.

Mishale isipolingana, kitu hubadili mwendo kuelekea upande wenye kani kubwa. Na hapa nisikilize vizuri: kitu kinachokwenda kwa mwendo uleule katika mstari ulionyooka nacho kina mishale iliyolingana, sawasawa na kilichosimama.

Hatua ya sita: geuza sentensi

Sheria ya tatu ya Newton inasema kani huja mbilimbili. Mwanafunzi huulizwa, "Mwenza wa uzito wa gunia ni kani ipi?" na karibu wote hujibu, "Msukumo wa meza." Wamekosea, na kosa hili nimelikuta hata kwenye daftari za watoto wenye akili sana.

Mwenza hupatikana kwa kugeuza sentensi tu. *Gunia linavutwa na dunia* ikigeuzwa inakuwa *dunia inavutwa na gunia.* Hao ndio wenza. *Gunia linasukumwa na meza* ikigeuzwa ni *meza inasukumwa na gunia.* Wenza wengine hao. Wenza daima wako kwenye vitu viwili tofauti, wana ukubwa sawa, na hutumia kitenzi kilekile. Uzito na msukumo wa meza viko juu ya gunia hilohilo, kwa hiyo haviwezi kuwa wenza. Vimelingana tu kwa sababu gunia limetulia.

Hatua ya saba: kataa kani isiyo na mtendaji

Umepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mnapanda Kitonga, kona ya kushoto, mwili wako unalalia kulia. Kila abiria atasema amesukumwa kulia. Haya, kamilisha: *nilisukumwa kulia na…* Na nani? Kushoto kwako amekaa mama mwenye mtoto, naye amelalia upande huohuo kama wewe. Hakuna mtendaji. Kilichotokea ni kwamba basi limekata kushoto, na mwili wako umeendelea na njia yake iliyonyooka mpaka ubavu wa kiti au dirisha ulipokuzuia. Kwa hiyo kani ya kweli ni *ninasukumwa kushoto na kiti.* Basi lenyewe linasukumwa kushoto na barabara, kupitia msuguano wa tairi. Mvua ikiondoa msuguano huo, basi halirushwi nje na kitu chochote. Linakosa tu wa kuligeuza, nalo linanyooka kuelekea korongoni. Ndiyo maana dereva anayepunguza mwendo kabla ya kona wakati wa mvua anastahili heshima yetu, si kelele za kumharakisha.

Vivyo hivyo daladala inapofunga breki pale Kabwe, ukaenda mbele na kumwangukia konda. Hukusukumwa. Daladala imesimama, wewe ulikuwa bado unakwenda.

Jipime

Fikiria mpira uliopigwa kwa nguvu kwenye Uwanja wa Sokoine, uko angani umevuka mstari wa katikati. Andika sentensi zake zote. Wanafunzi wangu karibu kila mara huandika tatu: unavutwa na dunia, unazuiwa na hewa, unasukumwa mbele na mguu wa mchezaji. Waambie watazame mguu uko wapi. Umebaki mita 20 nyuma, na umeshakanyaga nyasi. Ulisukuma wakati unagusa mpira, basi. Sentensi ya tatu ifutwe. Zibaki mbili, zenye mishale miwili: ule wa dunia unaoelekea chini, na ule wa hewa unaoelekea kinyume na mpira unakokwenda. Huu wa pili uchoreni mfupi kidogo kuliko ambavyo mngeuchora Dar es Salaam, maana Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi.